Ni yeye, lakini siye: kwa nini picha ya sura hukataa kufanana

Mchoraji yeyote wa sura za watu ameshaambiwa maneno haya. Picha imekwisha, imetiwa kwenye fremu, familia imekusanyika sebuleni, iwe Ujiji au Mwanga hapa Kigoma, na shangazi mmoja anaitazama kwa muda mrefu kuliko wengine. Kisha anasema: "Ni yeye, lakini siye." Macho yapo mahali pake, pua ni ile ile, hata kovu la kwenye nyusi limo. Kilichokosekana hakitajiki, na kwa kuwa hakitajiki, mchoraji hurudi kurekebisha vile vinavyotajika: anaongeza kope, anachonga midomo, anang'arisha macho. Kila anachoongeza kinamsogeza mbali zaidi na mwenye sura.

Kosa mara nyingi haliko kwenye macho wala midomo. Liko kwenye giza na mwanga: uso una giza wapi, kiasi gani, na giza hilo linaishia vipi. Mtoto humtambua mama yake akiwa hatua arobaini, magharibi, kabla hajaona jicho hata moja. Anachokitambua ni mabaka: kivuli chini ya paji, kivuli cha shavu, upana wa taya, jinsi shingo inavyoingia mabegani. Mchoraji wa uhalisia huanza na kile anachokiona mtoto huyo. Hachori pua. Anaweka baka la kivuli lililo ubavuni mwa pua, na likiwa na umbo sahihi na giza sahihi, pua hujitokeza yenyewe bila mstari hata mmoja.

Ili kuzungumzia giza bila kubahatisha, safari ya kutoka nyeusi tii hadi nyeupe pee hugawanywa katika ngazi tisa: 1 ni nyeusi, 9 ni nyeupe. Mzungu akikaa karibu na dirisha, upande wake wa mwanga huangukia ngazi ya 7 au 8, na kivuli chake 4 au 5. Mkalishe hapo hapo mtu mwenye ngozi nyeusi: upande wa mwanga ni 4, pengine 5, na kivuli ni 2. Vitabu vingi vya kujifunzia vimeandikwa kwa ngozi za Ulaya na hapa ndipo vinapomponza mwanafunzi. Anaambiwa aongeze nyeupe upande wa mwanga, anaongeza, na uso unapauka kama mtu aliyeoga asijipake mafuta.

Kinachobeba umbo la uso mweusi si weupe bali mng'ao. Tazama kwa karibu paji la bibi aliyejipaka mafuta asubuhi. Juu kidogo ya nyusi kuna nukta inayong'aa, haizidi punje ya dengu. Haina rangi ya ngozi hata kidogo; ina rangi ya anga iliyo dirishani, weupe wenye ubuluu. Kuizunguka kuna utando mpana wa mng'ao hafifu, kijivu chenye samawati, unaotambaa kwenye paji na kuibuka tena kwenye mfupa wa shavu. Sababu yake ni hii: ngozi yoyote, iwe nyeusi au nyeupe, hurudisha kama kioo kiasi kile kile cha mwanga unaoipiga wima, takriban asilimia 3 hadi 4. Tofauti ipo kwenye mwanga unaoingia ndani ya ngozi na kutoka tena. Kwa mtu mweupe huo wa ndani ni mwingi, unaufunika mng'ao wa juu. Kwa mtu mweusi ni mchache, mng'ao unabaki wazi, unaruka hadi ngazi ya 7 au 8 juu ya ngozi iliyo ngazi ya 4. Asiyeuona mng'ao huo kama kitu tofauti na ngozi ataishia kuichora ngozi yenyewe ikiwa imepauka.

Anayetaka ushahidi kwamba giza na mwanga hubeba mtu kuliko rangi amtazame Amy Sherald, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1973. Watu anaowachora ni Wamarekani weusi, na ngozi zao huzichora kwa kijivu, huku nguo zikiwa na rangi kali. Picha yake ya Michelle Obama ilizinduliwa Washington Februari 2018. Ile ya Breonna Taylor, mwanamke mweusi aliyeuawa na polisi, ilitoka kwenye jalada la jarida la Vanity Fair mwaka 2020. Hakuna binadamu wa kijivu, lakini hakuna anayezitazama picha hizo akadhani ni sanamu za saruji. Wapo waliolalamika kwamba ile ya Obama haifanani naye, na lawama hiyo ina somo ndani yake. Sherald hupunguza ngazi za uso makusudi, anaufanya mtulivu na bapa, na kila ngazi inayoondolewa huondoka na kipande cha kufanana. Yeye alitaka hivyo. Asiyetaka hivyo asiondoe.

Dirisha la Kigoma si la London

Vitabu hivyo hivyo vya Ulaya husisitiza dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua halipiti upande huo na mwanga wake hautikisiki. Huku ushauri huo unafaa nusu ya mwaka tu. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa kaskazini tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, na kusini miezi iliyobaki. Dirisha la kusini ndilo la kutumia kiangazi. La kaskazini ni la msimu wa mvua. Mwenye dirisha moja asikate tamaa. Upenu uliotoka nje sm 60 hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja ukutani adhuhuri ya Juni, wakati jua limelala kaskazini kuliko siku zote, na kivuli hicho kinatosha kulifunika dirisha la kawaida. Linalobaki ni jua la pembeni la asubuhi na jioni, na hilo huzuiwa kwa shuka jeupe.

Mgeni kutoka Dar es Salaam husahau jambo jingine. Saa ni moja nchi nzima, lakini jua la Kigoma huchelewa kwa takriban dakika 38 ukilinganisha na la Dar. Huku linafika utosini karibu saa saba mchana, si saa sita. Mwanga mtulivu wa kufanyia kazi ni kuanzia saa tatu hadi saa sita na nusu. Baada ya hapo jua hushuka upande wa ziwa, na nyumba inayotazama maji hupata balaa yake ya pekee: mwanga unagonga maji na kupanda juu, unaingia chini ya kidevu na puani, na uso unakuwa na mianga miwili inayogombana. Ni mandhari nzuri ya kunywea chai. Si ya kuchorea.

Nusu ya chini ya dirisha ifunikwe hadi kimo cha mita 1.2 kutoka sakafuni, mwanga ushuke kutoka juu. Anayechorwa akae mita moja hadi moja na nusu kutoka dirishani, bega moja likielekea huko, ili theluthi moja ya uso iwe kivulini. Uso wote ukiwa kwenye mwanga hakuna cha kuchora. Mchoraji asimame mita 2 hadi 2.5 kutoka kwake, na turubai, kitambaa cha kuchorea, isimame wima, kimo kimoja na kichwa cha anayechorwa. Miguu ya kiti izungushiwe chaki sakafuni, na mahali pa visigino vya mchoraji pia, maana akisogea hatua moja kushoto baada ya mapumziko, kivuli chote cha pua kimebadilika naye atadhani alikosea asubuhi.

Mtu mzima hukaa dakika 20 hadi 25, kisha anapumzika. Mizunguko minne au mitano kwa siku, siku tano au sita, picha inakamilika. Wazee hawalalamiki, ila vichwa vyao hushuka taratibu bila wao kujua, vidole viwili kwa robo saa. "Bibi, naomba uinue kidevu kidogo." "Nimekiinua, mjukuu wangu." Hajakiinua, na si mbishi, shingo yake inaamini kwamba ipo pale pale. Dawa ni kumwekea kitu cha kutazama ukutani, usawa wa macho yake, na kumwambia atazame hicho. Tabasamu lisahauliwe kabisa: hakuna anayeweza kulishika dakika 20, na tabasamu lililoshikwa linafanana na maumivu ya jino.

Mkaa na timazi

Mkaa wa kuchorea hutengenezwa nyumbani. Vijiti laini, vilivyokauka na kumenywa maganda, hupangwa vimebanana kwenye kopo lenye kifuniko, kopo likatobolewa tundu moja la msumari na kufukiwa kwenye makaa ya jiko. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, baada ya dakika 40 hadi saa moja, kopo litolewe na kuachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Likifunguliwa la moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka na unabaki na majivu.

Kichwa kichorwe kidogo kuliko cha kweli, kama sm 19 kutoka utosini hadi kidevuni, kwenye turubai ya sm 40 kwa 50. Kichwa kilichozidi ukubwa wa kweli hufanya mtu aonekane jitu hata kama vipimo vyote ni sahihi. Macho yapo katikati ya kichwa, si juu yake, na hili ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza, kwa sababu akili inausahau utosi na nywele. Kwa watoto macho yapo chini ya nusu.

Chombo kinachosaidia kuliko vyote ni timazi, ile ile ya fundi mwashi: uzi na kokoto. Iinue mbele ya jicho, uzi upite kwenye kona ya ndani ya jicho la anayechorwa, kisha uliza: unashuka wapi? Kwenye ncha ya mdomo au nje yake? Unagusa kidevu au unapita pembeni? Uso ulioinama kidogo huonyesha jibu usilolitarajia, na jibu hilo ndilo tabia ya mtu huyo. Halafu geuza kichwa, tazama mchoro ndani ya kioo. Jicho lililozoea kosa hulisamehe. Kioo kinaligeuza kosa na kulianika.

Marundo manne

Rangi sita za mafuta zinatosha: nyeupe ya titani, oka ya njano, siena ya kuchoma (kahawia yenye wekundu), amba ya kuchoma (kahawia iliyokolea), nyekundu ya kadimi na bluu ya ultramarini. Anders Zorn, Mswidi aliyefariki mwaka 1920, anasifiwa kwa kuchora sura kwa rangi nne tu: nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi. Kwa ngozi za huku rangi hizo zinabana. Nyeusi ya mfupa ikikutana na oka hutoa kijani, na kivuli kinakosa ule wekundu wa ndani unaoonekana sikioni mtu akikaa mgongo kwa jua. Siena ya kuchoma ndiyo yenye wekundu huo.

Kabla brashi haijagusa turubai, marundo yachanganywe kwa kisu kwenye ubao wa rangi. La kati: siena sehemu mbili, oka sehemu moja, ultramarini nusu. La kivuli: amba mbili, ultramarini moja, siena nusu, na nyeupe isitiwe hata chembe. Amba na ultramarini kwa pamoja hutoa weusi wenye uhai kuliko weusi wa tyubu. La mwanga: chota la kati, ongeza oka na nukta ya kadimi, kisha nyeupe mwisho kabisa, isizidi sehemu moja kwa kumi. La mng'ao: nyeupe, ultramarini kiasi cha kuchafua ncha ya kisu, na la kati kidogo kuitia adabu. Vipimo hivi ni vya kuanzia. Mtu maji ya kunde atahitaji oka zaidi. Mweusi sana atahitaji ultramarini zaidi kwenye rundo la kati, si amba zaidi. Rundo lijaribiwe kwa kulinyanyua kwenye ncha ya kisu, kisu kikielekezwa kwenye shavu la anayechorwa, jicho moja likiwa limefumbwa. Likipotelea shavuni, limefaa.

Siku ya kwanza ni ya amba peke yake, iliyolainishwa kwa tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi. Mabaka ya kivuli yapakwe kwa brashi pana, mwanga ufutwe kwa kitambaa. Mchoraji akunje macho hadi kope zikaribie kugusana. Vidogo vyote vinapotea, yanabaki mabaka makubwa matatu au manne. Mtu akitambulika hapo, kwenye kahawia tupu, kazi imeshika njia. Asipotambulika, rangi haitamwokoa, na ni nafuu kufuta leo kuliko wiki ijayo.

Kuanzia siku ya pili ni marundo, kivuli kwanza, kisha la kati, kisha mwanga. Kuna sheria moja inayovunjwa kuliko zote: sehemu iliyoangaza zaidi ndani ya kivuli bado iwe na giza kuliko sehemu yenye giza zaidi upande wa mwanga. Hujaribiwa hasa chini ya kidevu. Bibi amevaa kitenge chekundu, wekundu wake unapanda na kuwaka chini ya taya, unavutia, mchoraji anaupenda na kuupa ngazi ya 4. Papo hapo taya inavunjika vipande viwili. Wekundu uwepo, lakini kwenye ngazi ya 2, pengine 3. Kitenge chenyewe kichorwe maua yake pale mwanga unapokigusa tu. Kwenye mikunjo ya kivuli yayeyuke.

Uso ukishapauka kama majivu, usiongeze siena juu yake. Nyeupe ya titani ni mbabe, kila tone la siena linamezwa. Kwangua kwa kisu, pangusa, anza na rundo safi. Na ukiona uso umekuwa laini kama mpira, tatizo ni brashi kavu iliyopitishwa mara nyingi mno kusawazisha mipaka. Mipaka haifanani: wa pua dhidi ya kivuli chake ni mkali, wa shavu linalogeuka kwenda sikioni ni laini, na wa nywele na ukuta wenye giza mara nyingi haupo kabisa.

Macho huja mwishoni. Weupe wa jicho si mweupe. Umefunikwa na kivuli cha kope la juu na una umanjano kidogo, ngazi ya 5 au 6 kwenye mwanga, 3 au 4 kwenye kivuli. Ukitia nyeupe ya tyubu, mtu anaonekana kama kaona chui.

Simu

Kuchora kutoka kwenye picha ya simu si dhambi, ila lazima kujua simu inadanganya wapi. Kwa umbali wa sm 30 pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko kwa mita 1.5, kwa hiyo picha ipigwe kutoka mita mbili, halafu ikuzwe. Simu pia hung'arisha uso mweusi au huzamisha vivuli vyake kuwa doa moja jeusi, na nyingine hulainisha ngozi hadi mng'ao, ule uliobeba umbo, unafutika. Matumizi yake bora ni kinyume: mpige picha anayechorwa pamoja na turubai kwa mkupuo mmoja, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha linganisha ngazi. Hapo ndipo shangazi wa sebuleni anapopata jina la kilichokosekana.

Mafuta, kitambaa na subira

Kwenye mji wa mawese swali hili huja lenyewe: kwa nini mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi yaagizwe mbali? Kwa sababu mafuta ya rangi hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Hushika oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu. Uwezo wa kufanya hivyo hukadiriwa kwa namba ya iodini: kitani ni 170 hadi 200, mawese ni 50 na ushei. Picha iliyochanganywa na mawese itashika vumbi mwakani na mwaka wa baada yake, haitakauka kamwe. Alizeti ipo katikati, inakauka kwa kusuasua.

Rangi ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi, ya milango na mageti, ni kitu kingine. Edward Tingatinga na waliomfuata Dar es Salaam tangu 1968 waliitumia kwa ufundi mkubwa juu ya hadibodi, kwa sababu michoro yao ni ya rangi bapa zenye mipaka wazi. Kwenye uso inasumbua: inashika ngozi kabla mpaka wa shavu haujalainishwa, na ikipakwa nene inakunjamana.

Kitambaa cha marekani kinafaa, kikivutwa kwenye mbao za mninga. Huo ni mzito, lakini husinyaa kidogo sana ukikauka, na fremu haipindi. Kipakwe jeso, rangi nyeupe ya msingi inayokiziba kitambaa, mara tatu, kila mkono upigwe msasa namba 220. Bila jeso, mafuta huingia kwenye pamba na kuiozesha. Tabaka za chini ziwe na tapentaini zaidi, za juu na mafuta zaidi. Zikigeuzwa, ya juu hukauka kabla ya ya chini na picha hupasuka. Sehemu nyeusi zikififia na kuwa kavukavu baada ya siku chache, si kosa la kuchanganya. Mafuta yamezama, na tone la kitani likisuguliwa kwa kitambaa, kisha kupanguswa, hurudisha giza lake.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visitupwe vimekunjwa. Hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vianikwe kimoja kimoja au vilowekwe. Vanishi isubiri miezi sita, na kwa rangi nene mwaka. Katika muda huo picha iwe mbali na jiko na mbali na taa ya usiku msimu wa mvua, kwa ajili ya kumbikumbi. Akinasa kwenye shavu bichi, aachwe hapo hapo. Anayemwondoa siku hiyo huondoka na rangi. Anayesubiri wiki mbili humpangusa kwa brashi kavu, mbawa na yote.